Utumbo wa Awali wa Kiinitete: Maelezo ya Utokeaji Wake na Uteuzi wa Istilahi

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya viungo vya ndani vya mnyama. Utumbo, ini, bandama, figo, kongosho na nyongo ni maneno yaliyozoeleka jikoni na machinjioni kabla hayajaingia katika vitabu vya elimu ya viumbe. Maneno hayo, hata hivyo, hutaja viungo vilivyokwisha kukamilika. Anayetaka kueleza namna kiungo kinavyoanza kutokea, wakati ambapo mnyama mwenyewe hajawa na kichwa wala mkia, hukuta kwamba maneno ya kawaida yanamwelekeza kwenye kitu ambacho bado hakipo.

Makala hii inashughulikia hatua moja ya ukuaji wa kiinitete, nayo ni ile ambapo utumbo wa kwanza unaundika. Sehemu ya pili na ya tatu zinaeleza tukio lenyewe kwa kutumia mifano ya nungu-bahari, chura, ndege na binadamu. Sehemu ya nne inachunguza tatizo la tundu linaloachwa wazi wakati utumbo huo unapoundika. Sehemu ya tano inapendekeza istilahi. Hoja kuu ni kwamba istilahi za hatua za mwanzo zinapaswa kutaja mahali, wakati na mwendo wa seli, na zisitaje kiungo ambacho sehemu hiyo inadhaniwa kuwa baadaye. Kosa la kutaja hatima mapema limekwisha kufanyika katika lugha nyingine, na Kiswahili hakina sababu ya kulirithi.

2.0 Hali ya Kiinitete kabla ya Utumbo

Yai likisha kurutubishwa hugawanyika kuwa seli mbili, nne, nane na kuendelea. Katika mgawanyiko huu wa mwanzo kiinitete hakiongezeki ukubwa. Kitu kilekile kinakatwa vipande vidogo zaidi. Katika wanyama wengi matokeo yake ni blastula, yaani mpira wa seli wenye uwazi ndani uliojaa majimaji. Blastula ina ncha mbili zisizolingana: ncha ya juu, na ncha ya chini ambayo kwa kawaida hubeba kiasi kikubwa zaidi cha kiini cha yai, yaani chakula cha akiba.

Blastula haina nje na ndani kwa maana ya mnyama kamili. Ina ukuta na uwazi tu. Kutoka hapo seli huanza kuhama kwa mpango, na mwisho wa uhamaji huo kiinitete huwa na matabaka. Tabaka la nje hutoa ngozi na mfumo wa neva. Tabaka la ndani hutoa utando wa utumbo na viungo vinavyochipuka kutoka humo, kama vile ini na mapafu. Na katika wanyama wengi lipo tabaka la kati, ambalo hutoa misuli, damu na mifupa. Matabaka haya yalielezwa kwa mara ya kwanza na Christian Pander mwaka 1817 alipochunguza kiinitete cha kuku, na Karl Ernst von Baer akaonyesha mwaka 1828 kwamba yapo pia katika wanyama wengine wenye uti wa mgongo.

Kiinitete kilichofikia hatua hiyo huitwa gastrula. Jina hilo lilitolewa na Ernst Haeckel mwaka 1872 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya tumbo. Kwa hiyo tangu mwanzo hatua nzima ilipewa jina la kiungo kimoja, na uteuzi huo ulikuwa na matokeo yatakayoonekana katika sehemu ya nne.

3.0 Namna Utumbo wa Awali Unavyotokea

3.1 Nungu-bahari

Nungu-bahari ni jina linalotumika katika makala hii kwa yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, akaaye miambani na katika nyasi za baharini, ambaye wavuvi wa pwani humjua vizuri kwa jinsi anavyochoma nyayo. Kiinitete chake hupendwa na wachunguzi kwa sababu hupitisha mwanga: seli zinazohama ndani yake zinaweza kutazamwa kwa hadubini bila kukikata.

Ukuta wa blastula katika ncha ya chini kwanza hunenepa na kuwa bapa. Baadhi ya seli huacha jirani zake, zikapenya mojamoja hadi ndani ya uwazi. Hizi ndizo zitakazojenga kiunzi cha lava. Baadaye ukuta uliobaki hubonyea kuelekea ndani, ukawa kama kikombe kifupi. Nafasi iliyo ndani ya kikombe hicho ndiyo utumbo wa awali, na mdomo wa kikombe ndilo tundu ambalo jina lake linajadiliwa hapa chini.

Walimu wengi hueleza tukio hili kwa mfano wa mpira uliopungua upepo, unaobonyezwa kwa kidole gumba. Mfano huo husaidia kuona umbo lakini hupotosha kuhusu sababu, kwa kuwa hakuna kidole. Mwaka 1939, A. R. Moore na A. S. Burt walikata viinitete vya jamaa bapa wa nungu-bahari aitwaye Dendraster excentricus, wakatenga sehemu ya chini. Sehemu hiyo iliendelea kubonyea peke yake. Nguvu, basi, haitoki nje wala katika sehemu nyingine ya mpira. Imo katika seli za mahali penyewe.

Kikombe kifupi huwa mrija mrefu kwa njia ya pili. Seli za ukuta wake hupishana na kujipanga upya, hivi kwamba idadi ya seli katika mzunguko wa mrija hupungua na urefu wake huongezeka. Ni kama watu waliosimama safu nne wakijipanga kuwa safu mbili: hakuna aliyeongezeka, lakini mstari umerefuka. Mwisho, seli za kwenye ncha ya mrija hunyoosha nyuzi nyembamba, hugusa ukuta wa upande wa pili na kuvuta. Mwaka 1988, Jeff Hardin aliziharibu seli hizo kwa mwali wa leza. Mrija ulifika takriban theluthi mbili tu ya urefu wake wa kawaida. Jaribio hilo lilionyesha kwamba kuvuta kunahitajika, na vilevile kwamba sehemu kubwa ya safari hukamilika bila kuvuta.

Ncha ya mrija inapogusa ukuta upande wa tumbo, mahali hapo hufunguka na kuwa kinywa. Tundu la kwanza, lililoachwa nyuma, huwa tundu la haja kubwa.

Ushahidi mwingine unatokana na kazi ya Curt Herbst, ambaye mwaka 1892 alilea viinitete vya nungu-bahari katika maji ya bahari yaliyotiwa chumvi ya lithi. Katika vingi vya viinitete hivyo utumbo haukuingia ndani bali uliota kuelekea nje. Seli zake zilibaki kuwa seli za utumbo ijapokuwa zilikuwa mahali pasipo pake. Kwa hiyo kuwa utumbo na kuingia ndani ni mambo mawili, ingawa kwa kawaida huenda pamoja.

3.2 Chura

Yai la chura lina kiini kingi zaidi katika ncha ya chini, na seli za huko ni kubwa na nzito. Ukuta wa namna hiyo hauwezi kubonyea katikati. Badala yake ufa mdogo hutokea pembeni, upande ambao utakuwa mgongo. Seli za hapo hubadilika umbo: upande wa nje hujibana na upande wa ndani hupanuka, zikafanana na chupa. Kisha seli za juu huteremka kwenye ukingo wa ufa huo, huviringika na kuingia ndani, zikifuata upande wa chini wa ukuta walikotoka wenzao. Walter Vogt, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1929, alitia rangi alama ndogondogo juu ya viinitete vya amfibia na kufuatilia kila alama ilikoishia. Ndipo ilipothibitika kwamba tishu iliyokuwa nje hupita ukingoni na kuwa ya ndani.

Kadiri seli zinavyoingia, utumbo wa awali hupanuka na uwazi wa zamani wa blastula husukumwa kando hadi ukapotea. Wakati huohuo seli za ncha ya juu hutanuka na kufunika kiinitete chote, isipokuwa duara dogo la seli zenye kiini ambalo huziba tundu kama kizibo. Kwa muda mrefu seli zenye umbo la chupa zilidhaniwa kuwa ndizo zinazovuta tishu zote kuingia ndani. Mwaka 1981, Ray Keller aliziondoa katika chura wa Afrika Xenopus laevis baada ya ufa kuanza, na tishu ziliendelea kuviringika na kuingia. Kazi yao kubwa ni kuanzisha ufa. Injini ya mwendo imo katika seli za ndani za ukanda unaouzunguka.

Ukingo huo si mlango tu. Hans Spemann na Hilde Mangold walionyesha mwaka 1924, kwa kutumia viinitete vya salamanda wa majini, kwamba kipande cha ukingo wa upande wa mgongo kikipandikizwa katika kiinitete kingine huongoza tishu za mwenyeji kujenga mhimili wa pili wa mwili. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Mangold alikwisha kufariki mwaka uleule wa 1924.

3.3 Ndege na Binadamu

Katika yai la kuku kiinitete ni kisahani kidogo kilicholala juu ya kiini kikubwa. Hapa hakuna mpira wa kubonyea wala ukingo wa duara. Badala yake mfuo hutokea katikati ya kisahani, nao huitwa mfuo wa awali. Seli za juu husogea hadi kwenye mfuo, huachana na jirani zake na kuzama mojamoja. Za mwanzo husukuma kando tabaka la chini lililokuwapo na kuwa tabaka la ndani lenyewe; zinazofuata huwa tabaka la kati.

Baada ya hayo yote bado hakuna mrija. Tabaka la ndani limetandazwa juu ya kiini kama mkeka. Mrija hutokea baadaye, pale mwili unapojikunja kutoka mbele, nyuma na kando, ukikusanya tabaka hilo chini yake. Sehemu ya katikati ndiyo hufungwa mwisho. Kwa binadamu mambo ni karibu na hayo. Mfuo wa awali huonekana mnamo siku ya 15 baada ya utungisho, mrija hupatikana kwa kujikunja, na utando unaoziba mahali pa kinywa hupasuka katika wiki ya 4. Hakuna wakati wowote ambapo kiinitete cha binadamu huwa kikombe chenye tundu moja.

Jambo hili lina uzito nje ya maabara pia. Mwaka 1984, kamati iliyoongozwa na Mary Warnock nchini Uingereza ilipendekeza kwamba kiinitete cha binadamu kisilelewe maabarani kupita siku 14, na pendekezo hilo likawa sheria mwaka 1990. Kuonekana kwa mfuo wa awali kulikuwa sehemu ya hoja, kwa kuwa ni karibu na hapo ndipo inapoamuliwa iwapo kiinitete kitakuwa mtu mmoja au mapacha. Mwaka 2021, chama cha kimataifa cha watafiti wa seli za shina kiliondoa utafiti wa kupita siku 14 katika orodha ya mambo yaliyokatazwa kabisa, na kupendekeza kila ombi lichunguzwe peke yake. Mjadala wa aina hiyo ukifanywa kwa Kiswahili utahitaji maneno yasiyoegemea upande wowote.

4.0 Tundu Lisilokuwa na Hatima Moja

Mwaka 1867, Alexander Kowalevsky alieleza ukuaji wa amfioksi, mnyama mdogo wa baharini aliye jamaa wa wanyama wenye uti wa mgongo. Blastula yake hubonyea na kuwa kikombe safi chenye kuta mbili. Haeckel aliona kikombe cha namna hiyo katika makundi mengi ya wanyama, na mwaka 1874 akatoa nadharia kwamba wanyama wote wenye utumbo walitokana na babu mmoja aliyekuwa na umbo hilo. Babu huyo, kwa maoni yake, alikula kwa kupitia tundu la kikombe. Ndiyo maana kwa Kijerumani tundu hilo liliitwa Urmund, yaani kinywa cha asili, na nafasi ya ndani ikaitwa Urdarm, yaani utumbo wa asili.

Jina la pili lilikuwa na msingi. La kwanza lilikuwa nadharia iliyovaa joho la maelezo. Katika nungu-bahari, amfioksi na chura, kinywa cha mnyama hutokea mahali pengine kabisa, na tundu la kwanza huwa mahali pa haja kubwa au karibu na hapo. Msomi wa Kijerumani alilazimika kufundisha kwamba kinywa cha asili huishia kuwa kinyume cha kinywa.

Mwaka 1908, Karl Grobben aliigeuza tofauti hiyo kuwa msingi wa uainishaji. Wanyama ambao tundu la kwanza huwa kinywa aliwaita Protostomia, yaani wenye kinywa cha kwanza. Miongoni mwao wamo konokono, minyoo yenye pingili na wadudu. Wale ambao kinywa huja baadaye aliwaita Deuterostomia, wenye kinywa cha pili. Humo wamo nungu-bahari na wanyama wenye uti wa mgongo. Ulinganishaji wa molekuli umethibitisha kwamba makundi hayo mawili ni matawi ya kweli ya ukoo. Uchunguzi wa viinitete, kwa upande wake, umeonyesha kwamba majina yake si maelezo ya kuaminika ya kinachotokea.

Mifano ni kadhaa. Konokono wa maji baridi wa jenasi Viviparus ni wa tawi la kinywa cha kwanza, lakini tundu lake huwa la haja kubwa. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa kwamba mnyoo wa baharini Priapulus caudatus, ambaye pia ni wa tawi hilo, hupata kinywa mbali na tundu la kwanza. Mwaka 2016, José Martín-Durán na wenzake walilinganisha brakiopodi wawili, wanyama wenye magamba mawili kama chaza: katika Terebratalia transversa tundu hubaki upande wa kinywa, na katika Novocrania anomala hufungia upande wa nyuma. Ndugu wa kundi moja wametofautiana. Inzi wa matunda hana hata tundu moja la kubishaniwa: utumbo wake wa kati hutokana na mibonyeo miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, ambayo hukutana katikati. Nao wanyama wa jamii ya yavuyavu wana tundu moja tu maisha yao yote, linaloingiza chakula na kutoa mabaki.

Kutokana na mifano hiyo inafuata kwamba tundu ni mahali ambapo seli huingilia, na linaloamua hatima yake ni ukuaji unaofuata.

5.0 Mapendekezo ya Istilahi

Wanaistilahi wa Kiswahili wamezoea njia za kutohoa, kupanua maana ya neno lililopo, kunyambua na kuunda kirai. Kila njia ina nafasi yake hapa.

Blastula na gastrula zitoholewe. Kitumbo kingeweza kupendekezwa kwa gastrula kwa kufuata maana ya asili, lakini msikilizaji angefikiria tumbo dogo la mtu kabla ya kufikiria kiinitete. Isitoshe, gastrula ya kuku haina umbo la tumbo lolote.

Utumbo wa awali ufae kwa nafasi ya ndani. Kiswahili hutenganisha tumbo, ambalo hutaja hata sehemu ya mbele ya mwili, na utumbo, ambao ni mrija wa ndani.  Neno awali lichaguliwe badala ya asili. Awali hutaja wakati katika maisha ya kiinitete kimoja, ilhali asili huingiza dai la chimbuko la ukoo, dai linalohitaji kuthibitishwa kando.

Tundu la awali lifae mahali pa kuingilia. Kinywa, mdomo na tundu la haja kubwa vitengwe kwa ajili ya mnyama aliyekwisha kuvipata. Kwa njia hiyo inawezekana kusema bila kujipinga kwamba tundu la awali la chura huwa la haja kubwa, na kwamba la Terebratalia huwa upande wa kinywa.

Kwa miendo ya seli, vitenzi vya Kiswahili vinatosha: kubonyea kwa ukuta unaoingia ukiwa mmoja, kuviringika ndani kwa tishu inayopita ukingoni, kupenya kwa seli zinazoingia mojamoja, kufunika kwa tabaka linalotanda juu ya jingine. Mnyambuliko unastahili kuangaliwa kwa makini. Ukuta uliobonyezwa umepata mtendaji wa nje. Ukuta uliobonyea umeingia bila mtendaji kutajwa. Tofauti hiyo ndiyo hasa iliyothibitishwa na jaribio la mwaka 1939, na kiambishi tu kinaitunza. Mwandishi akiandika kwamba ncha ya chini hubonyezwa, amekwisha kutoa jibu lisilo sahihi kwa swali la kisayansi bila kujua kwamba aliulizwa.

6.0 Hitimisho

Utumbo wa awali hupatikana kwa njia mbalimbali: kwa kubonyea katika nungu-bahari, kwa kuviringika ndani katika chura, kwa kupenya na kisha kujikunja katika ndege na binadamu. Kinachounganisha njia hizo ni kupatikana kwa tabaka la seli ambalo litakuwa utando wa utumbo. Umbo la kikombe na idadi ya matundu hubadilika. Istilahi zilizojengwa juu ya umbo au juu ya hatima zimelazimika kubeba visingizio na mabano kwa zaidi ya karne moja.

Lugha inayounda istilahi zake sasa ina nafasi ambayo zilizotangulia hazikuwa nayo, yaani ya kuona mahali zilipokwama. Mwanafunzi anayesoma kwamba kiinitete kina tundu la awali atauliza tundu hilo huwa nini baadaye, na swali hilo ndilo linaloongoza utafiti. Aliyeambiwa kwamba ni kinywa hatakuwa na la kuuliza.